Kitabu Kipi cha Hisabati kwa Gredi ya 10? Kisa cha Idara Moja Kisiwani Lamu

Shule ni ya kutwa, iko kisiwani Lamu, na mwaka 2026 imejikuta na mitaala miwili chini ya paa moja. Gredi ya 10 ni kundi la kwanza la sekondari pevu katika mtaala mpya wa umilisi. Kidato cha Tatu na cha Nne ni mkia wa 8-4-4, mfumo wa zamani wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu: waliofanya KCPE (mtihani wa kumaliza msingi) ya mwisho mwaka 2023 ndio watakaofanya KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari) ya mwisho mwaka 2027. Kidato cha Kwanza na cha Pili hakipo tena. Wanafunzi 32 wa mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) wanasoma Core Mathematics, hisabati ya kina, na wenzao wa mikondo mingine miwili wanasoma Essential Mathematics, iliyo nyepesi zaidi. Idara ya hisabati ina walimu watatu. Bodi ya usimamizi imetenga pesa za kutosha nakala 20 za kitabu cha Core, na inataka jibu moja tu: tununue kipi?

Mezani palikuwa na vitabu vitatu. Hapa tuviite A, B na C. Kitabu A ndicho kilicholetwa na serikali, na kila mwanafunzi wa STEM anacho. B na C ni vya wachapishaji wengine. Vyote vitatu vimeidhinishwa na KICD, taasisi ya kuandaa mitaala ya Kenya. Zaidi ya hivyo, stoo ya shule ilikuwa na makasha ya vitabu vya Kidato cha Pili ambavyo hakuna darasa linalovitumia tena. Hivi vya stoo bodi haikuviuliza, lakini mwishowe ndivyo vilivyoelekeza uamuzi.

Kikao cha kwanza kilipotea kwenye yaliyomo. Walimu walifungua kurasa za mbele za vitabu vyote vitatu na kulinganisha mada moja moja. Kazi hiyo haina tija, kwa sababu kitabu kilichoidhinishwa lazima kifuate mtaala, na mtaala ni mmoja: Namba na Aljebra, Vipimo na Jiometri, Takwimu na Uwezekano. Ni kawaida mada zifanane. Idhini inakwambia kwamba kitabu kinafundisha kinachotakiwa. Haikwambii kama mazoezi yanatosha, kama majibu ya nyuma ni sahihi, wala kama mtoto anaweza kukisoma pasipo mwalimu kando yake. Picha ya jahazi kwenye jalada nayo isimshawishi mtu.

Hilo la kusoma pasipo mwalimu ndilo lililowekwa mbele. Mwanafunzi wa shule ya kutwa anatoka darasani alasiri, wengi wanapitia madrasa, wengine wanarudi Matondoni au Shela, na hesabu anaigusa usiku akiwa peke yake. Nyumbani hakuna wa kumuuliza. Kitabu anachobeba ndicho mwalimu wake kwa saa hizo, na kikiruka hatua moja tu, usiku mzima umekwenda. Basi idara ikaacha yaliyomo na kuanza kuvipima vitabu kwa hesabu zenyewe.

Logarithi: mahali pa kupimia

Swali lililotumika lilikuwa hili: je, kwa kitabu hiki peke yake, mwanafunzi anaweza kutafuta kipeuo cha tatu cha 0.0463 kwa logarithi? Limechaguliwa makusudi. Logarithi za namba kubwa kuliko 1 kila kitabu kinazieleza vizuri. Udhaifu hujitokeza namba inaposhuka chini ya 1.

Njia kamili ni hii. Andika 0.0463 kama 4.63 × 10⁻². Kwenye majedwali, logarithi ya 4.63 ni 0.6656. Kwa hiyo logarithi ya 0.0463 ni −2 + 0.6656, ambayo huandikwa 2 yenye kistari juu yake, kisha .6656. Kistari hicho kinaihusu 2 peke yake. Sehemu ya desimali inabaki chanya. Sasa gawanya kwa 3. Kwa kuwa −2 haigawanyiki kwa 3 bila baki, igeuze iwe −3 + 1.6656, thamani ikiwa ileile. Ukigawanya unapata −1 + 0.5552. Antilogarithi ya 0.5552, yaani namba ambayo logarithi yake ni 0.5552, ni 3.591. Ile −1 inasogeza nukta ya desimali nafasi moja kushoto, na jibu ni 0.3591. Ukiizidisha 0.3591 kwa yenyewe mara tatu unarudi kwenye 0.0463, kwa hiyo jibu limekubali.

Mwanafunzi anaanguka mahali pawili. Kwanza, akibonyeza kikokotoo kutafuta logarithi ya 0.0463 anapata −1.3344, huku jedwali limempa kitu chenye 2 na .6656. Anadhani kimoja kimekosea. Kumbe −2 + 0.6656 ni −1.3344, lakini ni lazima mtu amwoneshe. Pili, anaisoma ile 2 yenye kistari kana kwamba namba nzima ni −2.6656, anagawanya kwa 3, anapata −0.8885, na jibu linatoka 0.1293. Mwalimu akiiona 0.1293 kwenye daftari anajua papo hapo kosa liko wapi.

Kitabu B kilitumia kikokotoo tu na kupita. Jedwali kimelitaja kwa aya moja. Kitabu A kilifanya mfano mzuri hadi kwenye kugawanya, kisha mstari uliofuata ukaandika −3 + 1.6656 bila neno lolote la kueleza. Kwa mtu mzima aliyesoma hisabati hiyo ni hatua ndogo. Kwa mtoto wa miaka 15 hapo ndipo kitabu kinapofungwa. Kitabu C kiliweka jedwali na kikokotoo bega kwa bega, kikaonesha kwamba majibu ni yaleyale, kikaandika sentensi moja kuhusu sababu ya kugeuza −2 kuwa −3, kisha kikatoa maswali manne ya aina hiyo yenye vigawanyo tofauti. Sentensi moja na maswali manne. Tofauti kati ya kitabu kinachofundisha na kinachoonesha mara nyingi haizidi hapo.

Ngazi ya mazoezi

Kipimo cha pili kilikuwa milinganyo ya kipeo cha pili. Hapa hakuna haja ya kusoma maelezo kwanza. Nenda moja kwa moja kwenye zoezi na uangalie maswali yanavyopanda. Zoezi lenye mpangilio huanza na x² + 5x + 6, likaingiza alama ya kutoa kama x² − x − 12, likaongeza namba mbele ya x² kama 2x² + 7x + 3, ndipo likafika 6x² + x − 12. Baada ya hapo zije tofauti za miraba kama 9x² − 25, halafu maswali ya maneno. Kila ngazi inaongeza jambo moja jipya. Ngazi mbili zikirukwa kwa pamoja, mwanafunzi anayekwama hawezi kujua amekwama kwenye lipi.

Chukua hiyo 6x² + x − 12. Zidisha 6 kwa −12, unapata −72. Tafuta namba mbili ambazo zikizidishwa ni −72 na zikijumlishwa ni 1: ni 9 na −8. Vunja katikati: 6x² + 9x − 8x − 12. Jozi ya kwanza inatoa 3x(2x + 3). Jozi ya pili ndiyo mtego, kwa sababu wengi wanatoa −4 nje na kuandika −4(2x − 3), wakisahau kwamba −12 ikigawanywa kwa −4 inakuwa +3. Mabano yakitofautiana wanakwama, au wanayalazimisha yafanane. Jibu sahihi ni (3x − 4)(2x + 3). Kitabu kinachomjua mwanafunzi wake kinasimama kwenye hiyo jozi ya pili na kuiandika kwa ukamilifu.

Kitabu B kiliruka kutoka x² + 5x + 6 hadi 6x² + x − 12 ndani ya maswali matano. Kitabu A kilipanda vizuri, ila kilikuwa na maswali 12 tu, saba kati yao yakiwa na x² isiyo na namba mbele. Nafasi kubwa ya sura ilichukuliwa na shughuli za vikundi: kata karatasi, panga vipande, jadilini, wasilisheni. Shughuli hizo zina kazi yake, na mtaala wa umilisi unazitaka. Darasani zinafaa sana. Usiku nyumbani mtoto hana kikundi, na maswali 12 hayatoshi kuukalisha mkono. Kitabu C kilikuwa na maswali 22, mwishoni yakiwemo ya maneno kama lile la ua ambao urefu wake umezidi upana kwa mita 3 na eneo lake ni mita za mraba 40. Hilo linaleta x² + 3x − 40 = 0, yaani x = 5 au x = −8, na kitabu kilimwambia mwanafunzi waziwazi kwa nini −8 inatupwa: hakuna upana wa ua ulio chini ya sifuri.

Hapo ndipo mtu mmoja alipokumbuka stoo. Kitabu cha Kidato cha Pili cha 8-4-4 kina sura kamili za vipeo na logarithi, milinganyo ya kipeo cha pili, kuakisi, kuzungusha, ufanano na ukuzaji, trigonometria, eneo la sehemu ya duara, maumbo mango, mwendo mnyofu, takwimu na vekta. Mada hizi karibu zote ndizo zilizohamia Gredi ya 10. Mazoezi yake ni mengi, yamepangwa kwa ngazi, na vitabu tayari ni mali ya shule. Maelezo yake ni makavu na hayana shughuli zozote, lakini kilichokosekana kwenye Kitabu A hakikuwa shughuli. Kilichokosekana ni maswali.

Majibu ya nyuma

Kukagua majibu kunachosha, na ndiyo sababu watu hawafanyi. Idara ilichukua sura tatu, maswali 20 kila sura, ikayafanya yote 60 kwa mkono kwa kila kitabu. Kitabu A kilikuwa na jibu moja lenye kosa, C mawili, B sita. Manne kati ya yale sita yalitoka kwenye zoezi moja na chanzo kimoja: swali lilikuwa limeondolewa wakati wa uhariri na majibu hayakupangwa upya, hivyo jibu lililoandikwa 9 lilikuwa la swali la 8, na kuendelea vivyo hivyo. Mwanafunzi aliyefanya sahihi anaangalia nyuma, anaona amekosa, anafuta, anarudia, anaona tena amekosa. Akishazoea hivyo ataacha kuyaamini majibu yake mwenyewe, hata pale anapokuwa sawa.

Kosa la tano la B lilikuwa la aina nyingine. Swali lilisema utumie π kuwa 22/7, na sehemu ya duara ilikuwa na nusu kipenyo cha sentimita 7 na pembe ya 120°. Kwa 22/7 eneo ni theluthi ya 154, yaani 51.33. Jibu la nyuma lilikuwa 51.32, ambalo linatokana na π ya 3.142. Mtu ataona ni jambo dogo. Lakini peleka hali hiyo kwenye tufe la nusu kipenyo sentimita 21: kwa 22/7 ujazo ni sentimita za ujazo 38,808, kwa 3.142 ni kama 38,797. Tofauti ya 11 inamfanya mwanafunzi atafute kosa ambalo halipo. Kitabu kizuri kinataja π ipi kwenye kila swali, na majibu yake yanalingana na hiyo.

Wanafunzi sita na ukurasa mmoja

Kipimo cha mwisho kilikuwa rahisi na kilifichua mengi. Walichaguliwa wanafunzi sita: wawili wanaofanya vizuri, wawili wa katikati, wawili wanaosumbuka. Kila kitabu kilipewa wawili kati yao, wasiolingana uwezo. Walipewa dakika 40 na kurasa za mada ambayo haijafundishwa, bila msaada, na mwalimu akakaa kando akiandika ni mstari gani wanausoma mara ya pili na ya tatu. Mada ilikuwa pembe ya kutazama chini: mtu yuko juu ya ukuta, mita 20 kutoka usawa wa bahari, anaiona mashua kwa pembe ya 25° chini ya mstari wa mlalo. Mashua iko umbali gani kutoka chini ya ukuta?

Umbali ni 20 gawanya kwa tanjenti ya 25°, yaani 20 ÷ 0.4663, takriban mita 42.9. Wawili waliosoma Kitabu A walipata wote mita 9.33, kwa sababu walizidisha 20 kwa tanjenti. Hawakukosea hesabu. Mchoro ndio uliowapotosha: 25° ilichorwa juu ya ukuta bila mstari wa mlalo, kwa hiyo wakaiweka kati ya ukuta na mstari wa macho. Kitabu C kilikuwa kimechora mstari wa mlalo kwa vidoti, 25° ikakaa chini ya mstari huo, na mshale ukaonesha kwamba pembe iliyo kwenye mashua ni 25° pia. Mwanafunzi anayesumbuka aliyepewa C alipata 42.9 kwa dakika 25. Mmoja wa waliosoma A, yule mwepesi, aliutazama mchoro kwa muda akauliza, "Mwalimu, hii ishirini na tano inaanzia wapi?" Swali lake lilikuwa sahihi kuliko mchoro.

Kuna jambo la lugha pia. Vitabu vimeandikwa kwa Kiingereza, na watoto hawa nyumbani wanazungumza Kiamu, lahaja ya Kiswahili ya Lamu. Swali la maneno lenye sentensi moja ya mistari minne, vishazi vitatu ndani yake, liliwachukua muda mrefu kulielewa kuliko kulitatua. Kitabu C kilivunja maswali kama hayo kwa sentensi fupi fupi. B kilikuwa na sentensi ndefu kuliko vyote.

Uamuzi, na sababu ya kutonunua 20

B kiliondolewa kwa majibu yake. A kilibaki kitabu cha darasa, maana kila mwanafunzi anacho na mpangilio wake ni mzuri. Kuongeza nakala zake kusingetatua lolote. C kilichaguliwa kuwa cha kusaidia, nakala 8 tu. Wanafunzi ni 32, vikundi vya wanne wanne, nakala moja kwa kila kikundi. Darasani kinatumika kwa mifano. Jioni mwanakikundi mmoja anaondoka nacho na zamu inazunguka. Vitabu vya Kidato cha Pili vilitolewa stoo, kila mmoja akapewa chake, na mwalimu mmoja akaandaa karatasi ya kurasa mbili inayoonesha: mada hii ya Kitabu A, soma sura hii ya kitabu cha zamani, fanya maswali haya. Karatasi hiyo ni ya lazima. Bila hiyo mtoto anaanza kitabu cha zamani kutoka ukurasa wa kwanza, anaingia kwenye mada zisizo za mwaka wake, na muda unaisha. Uwezekano haumo katika kitabu cha Kidato cha Pili kwa sababu 8-4-4 iliuweka Kidato cha Tatu, hivyo maswali yake yalinakiliwa kutoka huko.

Pesa zilizobaki idara iliomba zigawanywe: sehemu inunue vijitabu vya majedwali ya hisabati, sehemu isubiri vitabu vya Gredi ya 11 mwaka 2027. Core Mathematics inaendelea hadi Gredi ya 12, na hakuna sababu ya kutumia zote mwaka wa kwanza. Vilevile ilipendekezwa isinunuliwe nakala hata moja mpya ya 8-4-4. Baada ya KCSE ya 2027 itabaki ya mazoezi tu, na ya mazoezi tayari ipo.

Kuagiza nako kuna mitego yake. Ukiandika "Hisabati Gredi ya 10" bila zaidi, muuzaji anaweza kukuletea Essential Mathematics, maana majalada ya mchapishaji mmoja hufanana. Andika jina kamili la somo, gredi, mchapishaji, namba ya ISBN, na useme ni kitabu cha mwanafunzi au mwongozo wa mwalimu. Mzigo wa Lamu unapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Kurudisha kasha lenye kosa ni gharama na wiki za kusubiri, kwa hiyo hakikisha kwa muuzaji kabla hakijapakiwa. Omba vifungwe kwa plastiki ndani ya kasha, si juu ya kasha tu, kwa sababu maji ya gatini huingia kwa chini.

Vikifika, fungua kila nakala. Kurasa za kitabu huchapishwa kwa vikunjo, aghalabu vya kurasa 16 au 32, na kikunjo kimoja kikikosekana unapoteza nusu ya sura. Pitisha kidole kwenye namba za kurasa hadi mwisho. Chapa iliyofifia na michoro yenye mistari iliyopasuka ni dalili ya nakala bandia, na kwenye hisabati hiyo ni hatari kwa sababu kipeo kidogo kama ⁻² hakisomeki tena. Angalia mgongo: uliobandikwa gundi peke yake huachia mapema kwa joto na unyevu wa pwani, ulioshonwa hudumu, na pini za chuma hushika kutu kwa hewa ya chumvi na kuchana karatasi. Nakala 8 za C zilikuwa za gundi. Zilipigwa utepe wa kitambaa mgongoni na kufunikwa karatasi ya nailoni kabla hazijagawiwa, na kila moja ikapewa namba kwenye daftari la kuazima pamoja na jina la kikundi kinachoishika.

Majibu matatu yenye makosa, moja la A na mawili ya C, yalisahihishwa kwa kalamu kwenye kila nakala siku hiyohiyo. Darasa la A pekee lilikuwa nakala 32, na wanafunzi wenyewe waliifanya kazi hiyo baada ya kulitatua swali lile ubaoni na kuona ni kwa nini jibu la kitabu halikubali.